Mhusika mwovu mezani: umfukuze au umkaribishe?

Leo tuweke kando habari za seva na hifadhidata. Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na watu wanaojua kwamba mimi, kando na kuandika programu, huwa ninaendesha mchezo wa kuigiza wa mezani. Swali lenyewe ni hili: mchezaji akija na mhusika mwovu, iwe ni mwizi, msaliti au muuaji, umfanyeje? Umkatalie? Umwache awavuruge wenzake? Au ujifanye hukuona?

Jibu langu fupi ni kwamba mkubalie, lakini mkubaliane kwanza. Jibu refu ndilo hili linalofuata, kwa hivyo chukua chai yako ukae.

Mchezo wenyewe ni upi?

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona, ukiutazama kutoka mlangoni hutaona mchezo wowote. Utaona watu watano wameizunguka meza, karatasi, penseli, karanga, na dadu za ajabu ajabu, nyingine zina pande 20. Mmoja wao ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwenye karatasi: ana nguvu kiasi gani, ana akili kiasi gani, anajua kazi gani. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, na ng'ambo kuna moshi. Mnafanya nini?" Kila mmoja anajibu kwa niaba ya mhusika wake. Pakiwa na shaka kama jambo litafaulu, dadu inatupwa.

Hakuna mshindi. Kama uliwahi kukaa jioni kwa nyanya yako, akasema "Paukwa!" nanyi mkajibu "Pakawa!", basi nusu ya mchezo huu tayari unaijua. Nusu ya pili ni kwamba hapa wasikilizaji wanaruhusiwa kumwambia nyanya sungura afanye nini.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani. Kikundi changu hapa Nairobi hukutana Jumamosi alasiri na tunatumia kanuni zake, ingawa nchi tuliyoibuni ina bandari na majahazi badala ya ngome za Ulaya. Tunacheza kwa Kiswahili, na Sheng inaingia panapokuwa na ugomvi.

Uovu ulioandikwa kwenye karatasi

Watunzi wa mchezo huu walilifikiria suala la uovu tangu mwanzo. Katika vijitabu vya 1974, kila mhusika alichagua upande mmoja kati ya mitatu: Sheria, Katikati au Vurugu. Wazo hilo lilitoka katika riwaya, hasa za Poul Anderson na Michael Moorcock. Kufikia kitabu cha wachezaji cha 1978, misimamo ilikuwa tisa. Mstari mmoja unapima sheria na vurugu, mwingine unapima wema na uovu, kila mmoja una sehemu tatu, na tatu mara tatu ni tisa. Sisi watu wa kompyuta tunapenda sana majedwali kama hayo. Kila binadamu ana kisanduku chake, kazi imekwisha!

Misimamo hiyo ilitumika kama masharti. Paladini, yule askari mtakatifu, alilazimika kuwa mwema na mfuata sheria, na akitenda uovu kwa kukusudia alipoteza nguvu zake. Muuaji wa kukodiwa naye alilazimika kuwa mwovu. Hebu fikiria: kitabu ni kimoja, na wote wawili wanaruhusiwa kuketi meza moja.

Toleo la pili la 1989 likamwondoa yule muuaji. Mwaka wa 1997 kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR, kampuni iliyokuwa ikiuchapisha mchezo huo, na mwaka wa 2002 ikatoa kitabu kizima kuhusu uovu, Book of Vile Darkness, kilichoandikwa na Monte Cook na kubandikwa onyo kwamba ni cha watu wazima. Toleo la nne la 2008 likapunguza misimamo kutoka tisa hadi mitano. Toleo la tano la 2014 likairudisha yote tisa.

Nikiisoma historia hiyo jinsi ninavyosoma kumbukumbu za mabadiliko ya programu, naona jambo moja. Kila baada ya miaka kadhaa kuna mtu anayejaribu kurekebisha hitilafu ileile, na kila mara anaigusa mahali ambapo haipo. Neno "mwovu" lililoandikwa kwenye karatasi halijawahi kumwibia mtu. Anayeiba ni mchezaji aliyeketi kando yako, na anayeibiwa pia ni mchezaji aliyeketi kando yako.

Sungura, Fisi, na mkeka mmoja

Hapa nataka turudi kwa nyanya. Sungura wa hadithi zetu, ukimtazama vizuri, ni mwovu. Anadanganya, anaiba maji kisimani, anamwacha Fisi apigwe kwa kosa ambalo si lake. Nasi tunacheka hadi machozi. Kwa nini tunacheka? Kwa sababu Fisi hayuko pamoja nasi kwenye mkeka. Lau Fisi angekuwa binamu yako, amekaa hapo hapo anasikiliza jinsi alivyochapwa, kicheko kingepungua sana.

Mezani petu Fisi yupo. Ametoka Rongai, amepanda matatu mbili kufika, na Jumamosi hii ndiyo siku yake ya pekee ya kupumzika.

Ndiyo maana ile kauli maarufu ya wachezaji waovu huwa hainitoshi. Kila kikundi kinaijua. Mtu anamsaliti mwenzake, mwenzake analalamika, naye anainua mabega: "Mhusika wangu ndivyo alivyo." Kana kwamba mhusika alizaliwa peke yake, akajiandika kwa penseli, akaja mezani kwa miguu yake mwenyewe.

Kisa cha kikaratasi

Nitawasimulia kisa kimoja kutoka mezani petu. Kuna mchezaji wetu ambaye ni mhasibu. Wiki nzima anahesabu pesa za watu wengine na haruhusiwi kukosea hata shilingi. Mhusika wake ni nahodha wa jahazi ambaye ni mwizi. Alinieleza mapema kabisa, "Mimi nataka saa nne tu kwa wiki za kutokuwa mwaminifu." Nikamwelewa. Nani asiyechoka kuwa mwema?

Kuna mchezaji mwingine, mwanamke anayefundisha shule ya msingi. Sote tunamwita Mwalimu. Wakati huo ndiye aliyekuwa mgeni zaidi. Mhusika wake ni mganga ambaye kaka yake anaugua, na kwa Jumamosi sita alikuwa akiweka akiba ya sarafu za dhahabu ili anunue dawa. Siku ya kwanza alipokuja aliniambia kwamba zamani, chuoni, wachezaji wenzake walimwibia mhusika wake kila kitu wakati yeye ametoka kununua soda. Aliporudi waliangua kicheko. Hakurudi tena kwenye kikundi kile, na ilimchukua miaka mingi kujaribu kingine.

Jumamosi ya saba, kikosi chote kimelala kwenye nyumba ya wageni bandarini. Mhasibu akanisukumia kikaratasi kilichokunjwa. Ndani kimeandikwa: "Naufungua mfuko wa mganga. Nachukua zote."

Kwa mujibu wa kanuni hapo hakuna tatizo lolote. Nahodha ana ustadi wa wizi, mganga amelala, dadu ikitua vizuri sarafu zimeondoka. Lakini dadu inajibu swali moja tu, kama wizi utafaulu. Haiwezi kujibu kama Mwalimu atarudi Jumamosi ijayo.

Sikutupa dadu. Nilikiweka kile kikaratasi katikati ya meza, kikiwa wazi, nikasema, "Kuna mtu anataka kuiba. Tusimame hapa kidogo."

Mhasibu akanuna. "Sasa, bosi, umeniharibia siri yangu. Mhusika wangu ndivyo alivyo."

Nikamwambia mhusika wake ni maandishi ya penseli, yanafutika, na kwamba aliyemfanya awe hivyo yuko hapa anakula karanga zangu. Wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Kisha nikamuuliza Mwalimu anaonaje. Nilikuwa tayari kwa "hapana", na angesema hapana mambo yangeishia hapo, sarafu zingebaki mfukoni. Alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema, "Aibe. Lakini mimi nijue, hata kama mganga hajui."

Ukilifikiria jambo hilo vizuri, utaona kwamba Mwalimu alitenganisha vitu viwili ambavyo vitabu vyote nilivyovitaja vilikuwa vimevichanganya. Siri kati ya wahusika ni hadithi. Siri kati ya watu walioketi meza moja ni jambo jingine kabisa, na ndiyo iliyomfukuza kule chuoni.

Basi nikatupa dadu, wizi ukafaulu, na asubuhi yake ikawa mojawapo ya vipindi bora tulivyowahi kuwa navyo. Mganga aliamka, akapapasa mfuko, akapiga kelele. Akamshuku mpishi. Akamshuku paka. Kisha, kwa sababu Mwalimu alijua yote na mganga hakujua lolote, akaenda moja kwa moja kwa nahodha, akampigia magoti na kumwambia, "Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini. Nisaidie kumtafuta mwizi." Mhasibu alifunika uso kwa mikono. Ikambidi nahodha aongoze uchunguzi wa wizi wake mwenyewe kwa siku tatu, huku akizitumia sarafu zile zile kuwahonga mashahidi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hesabu za usaliti

Sasa turudi kwenye mambo ya kompyuta, maana najua wengine wenu mlikuwa mnayangoja.

Mwaka wa 1980 Robert Axelrod, mtaalamu wa sayansi ya siasa wa Marekani, alichapisha matokeo ya mashindano aliyoyaendesha kwa kompyuta. Aliwaomba wataalamu wamtumie programu zitakazocheza mchezo rahisi. Programu mbili zinakutana, kila moja inachagua kushirikiana au kusaliti. Zikishirikiana, kila moja inapata pointi 3. Moja ikimsaliti anayeshirikiana, msaliti anapata 5 na mwenzake 0. Zikisalitiana zote, kila moja inapata 1. Na hazikutani mara moja tu, zinakutana mara 200.

Zilitumwa programu 14. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, iliyotumwa na Anatol Rapoport. Inaanza kwa kushirikiana, kisha kila raundi inarudia kile alichofanya mwenzake raundi iliyopita. Basi! Mashindano ya pili yakavuta programu 62, zote za watu waliokwisha kuyaona matokeo ya kwanza, na ileile ikashinda tena.

Funzo ninalolichukua hapo kwa meza yangu ni hili. Ikiwa mnakutana mara moja tu, usaliti unalipa: unachukua pointi zako 5 unaenda zako. Mkiwa na kesho, na kesho kutwa, na Jumamosi nyingine ishirini mbele yenu, hesabu inageuka. Mwovu mwenye akili anajua kwamba atawahitaji watu hawa wiki ijayo. Wahenga walilisema kwa ufupi zaidi: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nami mchezaji akitaka kuwa mwovu kwenye hadithi ndefu, humtaka awe zimwi la aina hiyo. Awe na sababu ya kutowamaliza wenzake. Anadaiwa na mmoja wao, au anamlinda ndugu, au anawindwa na mtu mbaya kuliko yeye. Sababu yoyote, mradi iandikwe kabla ya siku ya kwanza.

Michezo mingine ilifanyaje?

Kuna watunzi waliolitatua suala hili vizuri kwa kuuweka uovu ndani ya mitambo ya mchezo wenyewe.

Paranoia ya mwaka 1984 inawafanya wachezaji wote kuwa wasaliti. Mnaishi chini ya ardhi, mnatawaliwa na kompyuta yenye wasiwasi, kila mmoja ana siri ya kumfanya anyongwe, na kila mmoja ana nakala sita za mwili wake, kwa hivyo kufa si msiba. Kila anayeketi anajua atasalitiwa. Hakuna anayeenda nyumbani na uchungu, kwa sababu wote walikubali mkataba uleule.

Mchezo wa Star Wars uliotolewa na West End Games mwaka wa 1987 una alama za giza. Ukitenda uovu unapewa alama, na alama zikikuzidi, mhusika wako anachukuliwa na giza na kuwa wa msimulizi. Vampire: The Masquerade ya mwaka 1991 ina kipimo cha ubinadamu, nacho kinashuka kadiri unavyotenda mabaya. Kikifika sifuri, mhusika si wako tena. Napenda wazo hilo: uovu haukatazwi, ila una bei, na bei imebandikwa ukutani kila mtu aione.

Ule ninaoupenda kuliko yote ni Blades in the Dark ya John Harper, iliyotoka mwaka wa 2017. Hapo kikundi kizima ni genge la wahalifu. Kila kazi chafu inaongeza joto la polisi juu ya genge lote, na joto likijaa, genge linapanda daraja la kutafutwa. Njia mojawapo ya kulishusha daraja hilo ni mmoja wenu kwenda jela. Mmoja wenu! Waza mazungumzo yanayotokea mezani wakati wa kuchagua nani aende.

Ukilinganisha na michezo ya kompyuta utaona tofauti. Ultima Online ilipofunguliwa mwaka wa 1997, maelfu ya watu waliingia katika ulimwengu mmoja, na wengi wakagundua kwamba kuwaua na kuwaibia wageni ni rahisi kuliko kuwinda majoka. Waendeshaji wakayapaka majina ya wauaji rangi nyekundu, lakini haikutosha. Mwaka wa 2000 wakaugawa ulimwengu mara mbili: nusu moja ya hatari kama zamani, na nusu ambayo huwezi kumshambulia mwenzako bila ridhaa yake. Kwa umati usiofahamiana, huenda hilo ndilo suluhisho lililowezekana. Sisi mezani tuko watano. Hatuwezi kugawana meza kwa msumeno, lakini tuna kitu ambacho seva haikuwa nacho, yaani tunaweza kuulizana.

Ninavyofanya mimi

Basi, kwa wale wanaotaka kitu cha kwenda kujaribu, huu ndio utaratibu wangu.

1. Siku ya kwanza hatuchezi. Tunakunywa chai na kuzungumza. Tunataka hadithi ya aina gani? Mashujaa? Wahuni? Mchanganyiko? Mtu mmoja akitaka kuwa mwovu na wanne wakitaka kuokoa kijiji, tunajua siku hiyo, si baada ya miezi mitatu.

2. Tunachora mistari na mapazia. Wazo hili ni la Ron Edwards, aliyeliandika mwaka wa 2003. Mstari ni jambo ambalo halitatokea kabisa katika hadithi yetu. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, lakini kamera inageukia kwingine. Kwetu, kuwadhuru watoto ni mstari. Mateso ni pazia: tunajua mateka alihojiwa, hatuelezi jinsi gani.

3. Kuna kadi katikati ya meza yenye alama ya X. Hii ni ya John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linafutwa au kubadilishwa, na hadaiwi maelezo. Katika kikundi chetu haiguswi mara nyingi, ila naona watu wanakuwa jasiri zaidi kwa sababu wanajua ipo. Ni kama breki za baiskeli. Asiye na breki haendi kwa kasi mteremkoni.

4. Uovu dhidi ya ulimwengu hauhitaji ruhusa, ila uovu dhidi ya mwenzako unahitaji. Nahodha akitaka kumwibia gavana, atupe dadu. Akitaka kumwibia mganga, tunamuuliza Mwalimu. Na jibu la "hapana" halijadiliwi.

5. Malipo yatoke kwenye hadithi, si kwenye hasira ya msimulizi. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wanaoendesha mchezo. Ukimwangushia mwizi radi kutoka mbinguni kwa sababu amekuudhi, unamfundisha kwamba adui yake ni wewe. Mpishi aliyesingiziwa na nahodha alifukuzwa kazi. Ana watoto. Ana kumbukumbu. Atakutana na nahodha tena, na sitahitaji radi.

6. Nikiona mtu anawaumiza wenzake kwa makusudi, simwadhibu mhusika wake. Namwita kando, mtu kwa mtu, tunaongea. Hakuna dadu inayotibu ugomvi wa watu wazima. Na ikibidi aondoke, aondoke yeye, asingojewe mnyonge achoke aende.

Kwa nini basi tusikatae tu?

Kuna wasimulizi wengi wanaokataza wahusika waovu moja kwa moja, na siwalaumu. Ni kanuni rahisi kuilinda. Ukiwa unacheza na watu usiowafahamu, au na watoto, hata mimi ningefanya hivyo.

Lakini ukiukataza uovu kila mara, wema nao unakuwa bure. Mhusika asiyeweza kuiba hastahili sifa kwa kutokuiba. Ni kama programu isiyo na ruhusa ya kufuta faili; huwezi kuisifu kwa uaminifu wake. Nimewaona watu wakijifunza mambo yao wenyewe kupitia mhusika mbaya, mambo ambayo mhusika mwema asingewaonyesha.

Yule nahodha, kwa mfano. Miezi mitatu baada ya wizi ule, alichomwa mshale wenye sumu katika mapigano ya baharini. Kwenye jahazi kulikuwa na chupa moja tu ya dawa, ile ambayo mganga alikuwa hatimaye amempatia kaka yake kwa kufanya kazi upya. Mganga bado hakujua nani alimwibia. Mwalimu alijua, na mhasibu alijua kwamba Mwalimu anajua. Ukitaka kuhesabu kama Axelrod, nahodha angenyamaza tu. Mganga ni mtu mwema, angempa dawa yote.

Mhasibu alikaa akiikodolea macho karatasi yake. Kisha akasema, kwa sauti ya nahodha, "Mganga, njoo karibu. Ule mfuko ni mimi niliuchukua."

Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna kanuni iliyomtaka aseme. Mwalimu alishika chupa ya maji iliyokuwa mezani kama kwamba ndiyo dawa yenyewe, akaiangalia, akauliza, "Nusu inatosha kumzuia asife?" Nikamwambia inaweza, itategemea dadu. Akamimina nusu. Nahodha aliishi, ila mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena, na kaka yake mganga alipona nusu tu, anatembea kwa mkongojo hadi leo katika hadithi yetu. Nahodha ndiye aliyemchongea mkongojo huo.

Siku hiyo mhasibu na Mwalimu waliondoka pamoja kwenda stendi, wakibishana kama nusu ya dawa ilikuwa huruma au kisasi. Mimi sijui, na sikuwauliza.

Ukitaka kuanza

Kuanza si ghali. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zinapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons, ile ya kutaja tu chanzo, kwa hivyo unaweza kuzipakua, kuzitafsiri, hata kuuza ulichotunga juu yake. Kwa sisi tunaopenda programu huria, hiyo ni habari njema. Dadu ukikosa, simu yako inatosha. Programu ya mistari mitano itakutupia namba kati ya 1 na 20 siku nzima bila kuchoka. Unachohitaji zaidi ni watu wanne wanaoweza kufika kwa wakati, na hapo Nairobi ndipo kazi ilipo.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika jinsi tunavyocheza kwa video mvua inaponyesha na intaneti inapokatika kila dakika kumi. Kama nawe una mhusika mwovu mezani kwako, niambie umemfanyaje. Kwaherini kwa sasa.